Maswali yenu: Binti yangu anaenda Shropshire, ni wapi huko?

Toleo lililopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba niliwahi kuishi Shropshire, mashambani kule Uingereza, nikisoma kilimo, nikajua imeishia hapo. Kumbe! Barua zimekuja mpaka mhariri akaniambia dada, ukurasa wote mwezi huu ni wako, wajibu. Nimechukua tano, zile zingine nyingi zinauliza yaleyale.

Mama wa watoto wanne, Arua: Salaam aleikum dada. Binti yangu ni nesi, amepata kazi hospitali huko Uingereza, karatasi imeandikwa Shropshire, sio London. Kila ninayemuuliza hapa hapajui, na jirani mmoja ananitisha ati ni porini, mtoto atakaa na kondoo. Ni wapi huko na kukoje?

Waaleikum salaam mama yangu. Kondoo wapo kweli, wengi sana, lakini pori hapana. Chukua ramani ya Uingereza utafute Birmingham pale katikati, alafu peleka kidole kushoto polepole mpaka ukaribie mpaka wa Wales, hapo ndo Shropshire. Kwa eneo ni kaunti kubwa, kilomita za mraba karibu 3,500, ila watu ni laki tano na kidogo tu kwa sensa yao ya 2021, na jiji hakuna hata moja, ni miji midogo, vijiji na mashamba. Jina la zamani la kaunti ni Salop na mtu wa huko anaitwa Salopian, kwa hiyo binti akilisikia hilo neno ajue wanajitaja wenyewe.

Mji mkuu wake wa tangu zamani ni Shrewsbury. Mto Severn, ambao ndo mrefu kuliko mito yote ya huko, kilomita 354, unashuka kutoka milima ya Wales, ukifika hapo unauzunguka mji karibu wote, unabaki mlango mwembamba upande mmoja tu, ndo maana wakubwa wa zamani walipachagua wakajenga ngome pale mlangoni. Charles Darwin alizaliwa Shrewsbury mwaka 1809 na sanamu yake imekaa kwenye kiti mbele ya maktaba, jengo ambalo zamani ndo lilikuwa shule aliyosoma. Jina la mji wenyeji wenyewe wanabishana, hawa wanasema Shruzbari, wale wanasema Shrozbari, binti aseme lolote ataeleweka.

Sasa kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia kabla sijaenda, nakwambia wewe umwambie: jua. Sisi huku Uganda jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima, hatuna hata haja ya kuliwaza. Kule mwezi wa sita linazama kama saa tatu na nusu usiku, mtoto wa Arua anakaa anangoja swala ya Magharibi mpaka anachoka, na mwezi wa kumi na mbili ni kinyume, saa kumi jioni giza limeingia na asubuhi linachomoza saa mbili imeshapita. Baridi unaizoea, sweta unanunua, lakini hilo giza la mwezi wa kumi na mbili linakaa moyoni, mimi lilinikalia. Mwambie asijifungie chumbani, jua likitoka saa sita mchana atoke hata nusu saa atembee. Na apate ratiba ya swala ya huko huko, saa za huku hazitamsaidia.

La pili ni basi. Vijijini basi ni chache na Jumapili sehemu nyingi hakuna kabisa. Mimi Jumapili moja niliteremka stesheni nikitegemea basi la kunifikisha kijijini, nikasimama pale nikisoma ratiba mara tatu ndo nikaelewa, nikatembea saa moja na nusu kwenye mvua ile nyembamba yao isiyoisha. Kwa hiyo kabla hajalipa chumba aulize ni dakika ngapi kwa miguu mpaka hospitali, usiku wa shifti atarudi na nini. Kama ana leseni ya gari ya Uganda aibebe, miezi kumi na mbili ya kwanza inakubalika, na barabarani wanashika kushoto kama sisi.

Watu atawapata mama. Ni wapole, hawana haraka ya kuzoea, ila wakizoea wamezoea. Jirani yangu mzee mmoja alikuwa ananiwekea mayai mlangoni kila Ijumaa bila kugonga.

Mwalimu wa historia, Tororo: Kitabu kinasema mapinduzi ya viwanda Uingereza yana chanzo kimoja kikubwa katika kijiji kinaitwa Coalbrookdale. Wanafunzi wananiuliza kwa nini kijijini, kwa nini si London penye pesa. Wewe ulifika?

Nilifika mwalimu, mara nne, na ningekuwa na nauli leo ningerudi mara ya tano. Kijiji hicho kiko Shropshire hiyohiyo, pembeni ya mto Severn, kwenye bonde jembamba ambalo maji ya barafu yalilikata zamani, enzi zile za baridi kuu. Na bonde likikatwa hivyo, tumbo la ardhi linabaki wazi: makaa ya mawe yako pale, mawe ya chuma yako pale, chokaa iko pale, udongo wa matofali upo, na chini kabisa mto wa kubebea mizigo. Wewe uko Tororo, unajua kiwanda cha simenti kinakaa kwenye chokaa, hakikai kwenye pesa, pesa ndo inakifuata. Ndo jibu la wanafunzi wako.

Ila kuna kitu kingine ambacho watoto wetu watakielewa haraka kuliko watoto wa kizungu, nacho ni makaa. Chuma zamani kiliyeyushwa kwa makaa ya miti, makaa yaleyale tunayopikia hapa kila siku, na unajua gunia moja linakula mti kiasi gani. Kuni zikawa ghali. Makaa ya mawe yalikuwepo tele lakini ukiyatia kwenye tanuru hivihivi yana salfa, chuma kinatoka kibovu kinavunjika. Abraham Darby, alikuwa fundi wa kumimina vyungu vya chuma vya kupikia, mwaka 1709 pale Coalbrookdale akafaulu kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza mpaka uchafu ukatoka, jinsi sisi tunavyochoma mti kupata makaa. Na makaa ya bonde lile kwa bahati hayakuwa na salfa nyingi. Vyungu, mwalimu! Tayari mwaka 1707 alikuwa ameshapata hataza, yaani haki ya kisheria ya kutumia ubunifu wake peke yake, ya kumimina vyungu vya chuma kwenye mchanga. Wapeleke wanafunzi kwa wale mafundi wetu wanaoyeyusha aluminiamu kuukuu na kuimimina kwenye mchanga kutengeneza sufuria, watazame jinsi fundi anavyoubonyeza ule mchanga kwa ngumi, hilo somo halitawatoka.

Tanuru lenyewe bado lipo, wamelijengea paa, unasogea unaona matofali yaliyoungua rangi ya zambarau.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna daraja. Mjukuu wake, naye Abraham Darby, wa tatu, mwaka 1779 alisimamisha daraja la chuma juu ya Severn, la kwanza kubwa la aina yake duniani, likafunguliwa siku ya mwaka mpya 1781, na mji ulioota pembeni ukaitwa Ironbridge kwa sababu yake. Urefu wake juu ya maji ni mita 30 tu, ukilipima na daraja letu jipya la Jinja la mita 525 unaweza kulidharau, lakini nenda chini yake, kuna njia ya miguu, inua kichwa utazame maungio. Ribiti hakuna, na boliti ni za pale juu tu nusu mbili za tao zinapokutana. Hawakuwa na desturi ya kujenga kwa chuma, walijua mbao, kwa hiyo walikiunga chuma kama seremala anavyounga kitanda, ulimi upande huu, tundu upande ule, alafu kabari inagongwa ndani. Tani 378 za chuma zimeshikana hivyo miaka zaidi ya 240 na mto unafurika chini yake karibu kila msimu wa baridi. Mimi nilisimama pale nikamkumbuka marehemu baba, alikuwa seremala. Darby mwenyewe daraja lilimwacha na madeni mpaka kufa kwake.

Kwenye nyumba ya ushuru juu ya daraja bado kuna ubao wa bei, na chini wameandika kwamba askari akiwa kazini au hayupo kazini analipa, gari la posta linalipa, na hata familia ya mfalme inalipa. Magari hayapiti tena tangu 1934, ni miguu tu. Bonde zima limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1986.

Mkimbiaji, Kapchorwa: Dada nimesikia mashindano ya Olimpiki yamezaliwa upya kwenye kijiji cha Uingereza kabla ya Athens. Ni kweli au watu wanapiga porojo?

Ni kweli kwa sehemu kubwa, mdogo wangu, na wewe wa Kapchorwa inakuhusu, subiri nitakwambia kwa nini. Huko Shropshire kuna mji mdogo unaitwa Much Wenlock, unaweza kuumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Daktari wa pale, William Penny Brookes, aliona watu wa mashamba na machimbo miili inachoka na akili inalala, akaanzisha maktaba ya kuazima vitabu, alafu mwaka 1850 akaanzisha michezo, akaiita ya Olimpiki. Kulikuwa na kukimbia, kuruka, mpira, na kwa muda hata mbio za bibi wazee zawadi ikiwa ratili ya majani ya chai. Watu wa kawaida walikaribishwa, na hilo kwa wakati ule halikuwa jambo dogo, wakubwa wengi walitaka michezo ibaki ya mabwana.

Mwaka 1890 Pierre de Coubertin, yule ambaye baadaye ndo alianzisha Olimpiki za kisasa, alikuja kutoka Ufaransa kuona, wakamwandalia michezo maalumu, akapanda mti wa mwaloni ambao mpaka leo upo uwanjani. Brookes alifariki Desemba 1895, na Olimpiki ya kwanza ya kisasa, ile ya Athens, ilikuwa Aprili 1896, miezi minne tu hakuiona. Kila nikifikiria hiyo miezi minne naumia.

Sasa inayokuhusu. London 2012 ile sanamu ya bahati ya michezo, yenye jicho moja kubwa, iliitwa Wenlock, jina la mji huu. Na siku ya mwisho ya Olimpiki hiyo Stephen Kiprotich, mtoto wa Kapchorwa kwenu, alishinda marathoni kwa saa 2:08:01, dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu John Akii-Bua wa 1972. Michezo ya Wenlock bado inafanyika kila Julai, kuna makumbusho ndogo katikati ya mji. Ukipata mbio za huko siku moja, panda basi uende ukauguse ule mwaloni.

Mzee mstaafu, Bombo: Binti yangu, nimekusoma miaka mingi. Sisi tuna Rwenzori, tuna Elgon. Vilima vya wazungu vina nini mpaka uvisifu?

Mzee wangu, urefu hawana. Kilima kirefu kuliko vyote Shropshire ni Brown Clee, mita 540, na maji ya Ziwa Victoria pekee yake yako mita zaidi ya 1,130 juu ya bahari, yaani mvuvi wa Entebbe amekaa kwenye mtumbwi juu zaidi ya mara mbili ya kilima chao. Ukipima kwa Rwenzori ya mita 5,109 hakuna mazungumzo.

Lakini nakuomba unisikilize kuhusu mawe. Kuna ukingo mrefu wa chokaa unaitwa Wenlock Edge, umejaa miti, unakwenda zaidi ya kilomita 20. Siku moja mwalimu wetu alituokotea kipande cha jiwe pale, jeupejeupe, akalimwagia maji ya chupa, na lilipolowa yakatokea maduara madogo madogo kama vifungo vya shati, na kingine kama sega la nyuki. Akasema hii ni matumbawe na viumbe vya bahari. Ni bahari ya kina kifupi na maji ya joto, miaka kama milioni 425 iliyopita, na wakati ule ardhi ile ilikuwa chini ya ikweta, kusini, ndo ikasafiri taratibu mpaka kule kwenye baridi. Mzee, mimi niliyevuka ule mstari wa ikweta pale Kayabwe mara ngapi na teksi za Masaka, nimesimama kwenye baridi ya Uingereza nimeshika jiwe ambalo limetoka upande wetu. Nililishika muda mrefu, tukalirudisha chini, hairuhusiwi kuchukua. Na wanajiolojia duniani kote, hata wakiwa China, wakitaja vipindi viwili vya zama hizo wanasema Wenlock na Ludlow, majina ya miji miwili midogo ya kaunti hii.

Na hadithi wanazo, wewe utazipenda. Kilima cha Wrekin, mita 407, kimesimama peke yake kwenye tambarare. Wanasema jitu moja la Wales liliwachukia watu wa Shrewsbury, likabeba koleo la udongo lizibe Severn mji ufurike wafe wote. Njiani likapotea, likakutana na fundi viatu anatoka mjini amebeba gunia la viatu vibovu vya kwenda kushona, likamuuliza Shrewsbury ni mbali? Fundi akashtuka lakini akili ikafanya kazi, akamwaga gunia chini, akasema mbali! Tazama viatu vyote hivi nimevimaliza njiani nikitoka huko. Jitu likakata tamaa, likautupa udongo palepale ukawa Wrekin, likakwangua buti zake, tope lile likawa kilima kidogo cha Ercall pembeni. Huyo si Sungura kabisa, mzee? Nilimsimulia bibi yangu kwa simu akaniuliza kama hao wazungu walisikia kutoka kwetu.

Mfanyabiashara wa Kikuubo, Kampala: Mwezi wa nane niko Birmingham kwa mambo ya bidhaa, nitabaki na siku moja huru, sina gari. Nione nini?

Ndugu, siku moja usitake kaunti yote, utaishia kuangalia viti vya treni. Treni ya Birmingham mpaka Shrewsbury ni kama saa moja. Tembea pale asubuhi, vichochoro vyake ni vyembamba na nyumba za mbao nyeusi na chokaa nyeupe, ghorofa ya juu imeinama mbele mpaka majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani. Alafu panda treni ya kwenda kusini, robo saa hivi unateremka Church Stretton. Hapo ndo ningekupeleka mimi. Ironbridge ni kubwa kwa historia lakini haina stesheni, lazima ushuke Telford utafute basi, na wewe una siku moja.

Kutoka stesheni ya Church Stretton unatembea kwa miguu mpaka bonde la Carding Mill, kijito kinapita katikati, watoto wanacheza majini, unapandisha mpaka juu ya Long Mynd, mita 516. Na bahati yako ni mwezi wa nane, kwa sababu mwezi huo mgongo wote wa kilima unageuka zambarau kwa maua ya kichaka kimoja kifupi, unakwenda mpaka macho yanachoka. Utaona farasi wadogo wanajichungia. Upande wa magharibi utaona mgongo mwingine wenye majabali yamesimama kama meno, hiyo ni Stiperstones, wanasema shetani ana kiti chake pale na wingu likifunika ujue amekaa.

Usishangae ukiona njia inapita katikati ya shamba la mtu. Kule kuna njia za miguu za umma, zina kibao, na sheria inakupa haki ya kupita hata kama shamba si lako wala mwenyewe hakujui. Mara ya kwanza mimi niliogopa, nikasimama kwenye ngazi ya ua nikitegemea mtu atoke na mbwa. Mwenye shamba alitoka kweli, akanisalimia, akanionyesha njia fupi. Anachotaka kwako ni kimoja, geti ulilolikuta limefungwa ulifunge, ulilolikuta wazi uliache wazi, maana ng'ombe wake wamepangwa hivyo.

Ukiwa na nguvu bado, treni hiyohiyo inaendelea mpaka Ludlow, kuna ngome ya karne ya 11 juu ya mto na soko zuri la vyakula mbele yake, humo ndani ndo alikofia Arthur, kaka yake mfalme Henry wa Nane, mwaka 1502 akiwa kijana wa miaka 15. Ila mimi ningebaki kilimani. Beba koti la mvua hata kama asubuhi ni kweupe, viatu visiteleze, na saa ya treni ya mwisho ya kurudi Birmingham iandike kwenye karatasi ukiwa bado stesheni, maana kule juu mtandao unakatika.